Tashkent: Jumba Lililovunjwa na Karatasi Iliyokosekana

Mwaka 2018, katikati ya Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistani, matingatinga yalilibomoa Dom Kino, yaani Nyumba ya Sinema. Lilikuwa jumba la watengeneza filamu wa nchi ile, mahali pa kuoneshana kazi mpya, kukutana na kubishana. Msanifu wake, Rafael Khayrutdinov, alilikamilisha mwaka 1982, kwa hiyo halikufikisha hata miaka 40. Halikuangushwa na uzee wala na tetemeko. Lilikuwa limesimama ndani ya eneo ambalo serikali ilikwisha kulitenga kwa mradi wa Tashkent City, wenye minara ya vioo, hoteli, ofisi na maduka, na mradi ulitaka kiwanja.

Wasanii, wasanifu na wakazi wa kawaida walipaza sauti. Hawakusikilizwa. Wengine wamelieleza jambo hili kama vita kati ya wapenda kale na wapenda maendeleo, na mimi sikubaliani nao. Nikilitazama kwa karibu naona kwamba kila aliyetaka kulitetea jumba lile alikwama penye kizuizi kimoja. Hapakuwa na karatasi. Jina la Dom Kino halikuwamo katika orodha yoyote ya urithi, wala hapakuwa na maandishi ya kiserikali ya kueleza jengo hili ni la nani, lina thamani gani na lisiguswe wapi. Msikiti wa karne ya 16 unajitetea kwa umri wake. Jengo la zege la mwaka 1982 halina umri wa kulitetea, na kwa sababu hiyo linahitaji watu walioliandika mapema.

Sehemu kubwa ya Tashkent ya leo ni majengo ya namna hiyo, na ili kuelewa ilikuwaje tunapaswa kurudi kwenye alfajiri moja ya mwaka 1966.

Mji uliojengwa upya

Tarehe 26 Aprili 1966, saa 11 na dakika 23 alfajiri, ardhi ilitikisika chini ya Tashkent. Kwa vipimo vya matetemeko halikuwa kubwa, kiasi cha 5 na ushei, ila kitovu chake kilikuwa chini ya mji wenyewe, kilomita chache tu kutoka juu ya ardhi, na mtikisiko ulipiga nyumba kutoka chini kwenda juu. Waliokufa hawakuwa wengi kulingana na ukubwa wa uharibifu, lakini watu wapatao 300,000 walibaki bila makazi. Nyumba nyingi za mji wa kale zilikuwa za fremu za miti na matofali mabichi ya udongo. Zilipasuka na kulala.

Uzbekistani wakati ule ilikuwa jamhuri mojawapo ya Umoja wa Kisovieti, na viongozi wakuu wa umoja huo, Brezhnev na Kosygin, walifika mara moja. Zikafuata treni za mafundi na vifaa kutoka jamhuri zote za muungano ule. Kila jamhuri ilipewa kipande chake cha kujenga, na mahema ya wajenzi yakawa mji ndani ya mji. Hadithi hii ya undugu ilisimuliwa sana, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Wapo wazee wa Tashkent ambao mpaka leo wanakumbuka ni mafundi wa jamhuri gani waliojenga ghorofa lao.

Hadithi hiyo ina upande mwingine, nao haufai kufichwa. Kabla ya tetemeko wapangaji wa mji walikuwa tayari na ramani za barabara pana na majengo marefu, na kikwazo chao kilikuwa mahalla. Neno lenyewe Mswahili halihitaji kufasiriwa, kwani asili yake ni ile ile ya neno letu mahali. Mahalla ni mtaa wa nyumba za udongo zilizotazama ndani: kuta kavu kuelekea uchochoroni, na nyuma ya mlango ua wenye mzabibu, mforosadi na kitanda cha mbao cha kukalia jioni. Maji yalipita katika mifereji midogo waliyoiita ariq. Wazee wa mtaa walisuluhisha ugomvi na kusimamia harusi na misiba. Tetemeko liliwapa wapangaji sababu ambayo hakuna aliyeweza kuipinga, na zilibomolewa hata nyumba ambazo zingeweza kutengenezwa.

Kwa hiyo majengo ninayoyatetea hapa yalisimama juu ya nyumba za watu wengine. Nalisema mapema kwa sababu mtetezi wa zege anayelificha atakwama siku mwenye kumbukumbu za mahalla atakapomwuliza: na sisi, nani alituandikia karatasi?

Zanzibar wanakijua kisa cha aina hii. Nyumba za maendeleo za Michenzani, yale majengo marefu ya zege ya miaka ya 1970 yaliyosimamishwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, zilipita juu ya nyumba za udongo na miti za Ng'ambo. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000. Michenzani haimo, ingawa wapo waliozaliwa humo, wakaoa humo, na sasa wanawalea wajukuu humo humo.

Jua, zege na wavu wa mawe

Tashkent huchoma. Mwezi wa Julai joto hufika nyuzi 40, na hakuna upepo wa bahari wa kumsaidia mtu. Msanifu aliyekuja na vitabu vya Moscow aliona upesi kwamba ukuta wa kioo usio na kinga humgeuza aliye ndani kuwa mkate ndani ya tanuri. Jibu lilikuwapo katika nyumba za zamani za Asia ya Kati. Ni panjara, wavu wa mbao au wa plasta unaopitisha hewa na mwanga lakini huvunja makali ya jua. Watu wa pwani yetu wanaojua madirisha ya vimbao na matofali ya matundu hawatashangaa.

Jengo linalosemwa zaidi ni lile lililokuwa tawi la Makumbusho ya Lenin, lililofunguliwa mwaka 1970, miaka 100 tangu Lenin azaliwe. Wasanifu wake wakuu walikuwa Yevgeny Rozanov na Vsevolod Shestopalov. Ukilitazama unaona sanduku lililoinuliwa juu, limevikwa wavu mweupe wa mawe kila upande, na kioo kimejificha nyuma yake. Leo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Uzbekistani. Lenin ametolewa na vyombo vya udongo vya kale vimeingia, lakini wavu uko pale pale.

Wataalamu wanabishana juu ya wavu huo. Wapo wanaosema ni kazi ya akili, kwamba zege la kisasa limejifunza kutoka kwa wenyeji. Wengine wanaona ni mapambo ya wageni waliotumwa kuipa itikadi ya Moscow sura ya Mashariki, kama mgeni anayevaa kanzu siku ya kupigwa picha. Nadhani pande zote mbili zina haki, na ubishi wenyewe ni sehemu ya thamani ya jengo. Ukilivunja unavunja na ushahidi wa kesi ambayo haijahukumiwa.

Hoteli Uzbekistan ya mwaka 1974 ni mfano mwingine: ghorofa 17, imekunjwa kama kitabu kilichofunguliwa, uso wote umefunikwa kimia cha zege cha kukinga jua. Soko la Chorsu lina kuba kubwa la rangi ya samawati lililobuniwa na Vladimir Azimov na Sabir Adylov. Chini kuna mabucha, na kwenye duara la juu kuna zabibu kavu, lozi na jozi. Sijasikia mtu akiuliza kama kuba la Chorsu ni la Wasovieti au la Wauzbeki. Watu wananunua nyama humo, na kivuli chake ni kizuri, na hiyo imelitetea kuliko hotuba yoyote.

Zhemchug, yaani Lulu, ndilo jengo ninalolipenda kuliko yote. Ni ghorofa la makazi lililokamilika mwaka 1985, kazi ya msanifu mwanamke, Aydinova. Swali lake lilikuwa hili: mtu aliyelelewa mahalla utamwekaje ghorofani bila kumfungia ndani ya kabati? Jibu lake lilikuwa kuziweka nyua angani. Kila baada ya ghorofa chache kuna ua wa pamoja ulio wazi, ili watoto wacheze na majirani wakae jioni kama walivyokaa chini ya mforosadi. Ni mahalla iliyosimamishwa wima. Halikufanikiwa kwa kila jambo, na majengo mengi ya namna yake hayakufuata. Lakini hapa mtu hawezi kusema kwamba wazo lililetwa kutoka Moscow. Linatoka katika maisha ya mji wenyewe, na linajibu jeraha la mwaka 1966.

Na kuna kuta. Nyumba za vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani zilifanana kupita kiasi, mtaa baada ya mtaa. Ndugu watatu wa familia ya Zharsky, Pyotr, Nikolai na Alexander, walipewa kazi ya kuzipamba kuta za pembeni, zile zisizo na madirisha. Walifanya kazi pamoja na kiwanda: vigae vidogo vya rangi vilipangwa ndani ya kalibu, zege likamwagwa juu yake, na ukuta ukatoka ukiwa na picha yake tayari. Nyota, maua ya pamba, ndege, wanaanga, nakshi za kisuzani, yaani za vitambaa vya kutarizi vya Asia ya Kati, zilizofumwa upya kwa vigae, vyote vilipanda juu ghorofa nne au tisa. Mtoto aliyetumwa dukani aliijua nyumba yao kwa picha ya ukutani, maana namba zote zilionekana sawa.

Kwa nini Afrika imo humu

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu zaidi ya anavyodhani. Tashkent ndio mji ambao Wasovieti waliuchagua kuwaonesha Waafrika na Waasia maana ya maendeleo. Oktoba 1958 ulifanyika huko mkutano wa waandishi wa Asia na Afrika, na W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani Mweusi, akiwa na umri wa miaka 90, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Kuanzia mwaka 1968 mji uliandaa tamasha la filamu za Asia na Afrika, na mwaka 1976 Amerika ya Kilatini ikaongezwa. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa miongoni mwa wageni. Mtengeneza filamu wa Kiafrika ambaye nyumbani hakuwa na ukumbi wa kuonesha kazi yake aliioneshea Tashkent.

Sinema kubwa ya mji ule, Jumba la Sanaa, ilijengwa mwaka 1964, miaka miwili kabla ya tetemeko, na tetemeko halikuiweza. Ni duara kubwa lenye mifuo wima, kama kipande cha nguzo ya kale iliyokatwa na kuachwa barabarani. Ukiiangalia unakumbuka wakati nchi zetu zilipokuwa changa na zikitafuta sura ya kujengea miji yake. Nairobi ilipata KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta, mwaka 1973 kwa mkono wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Dar es Salaam ilipata majengo ya msanifu Anthony Almeida. Zege lilikuwa lugha ya pamoja ya watu waliotaka kusema kwamba wamekwisha kuwa huru, hata pale waliposema kwa lafudhi tofauti na kwa fedha za wafadhili tofauti.

Hivyo Dom Kino, jumba la watengeneza filamu katika mji wa tamasha lile, lilikuwa na sehemu ya historia ambayo si ya Uzbekistani peke yake. Wakati wa kulivunja sisi hatukuulizwa. Sidhani kama hata sisi tungekuwa tayari na jibu.

Majina yanayobadilishwa

Baada ya uhuru wa mwaka 1991 serikali mpya ilihitaji historia isiyopitia Moscow. Ikamtukuza Amir Timur, mtawala wa karne ya 14, ikaondoa sanamu ya Lenin, ikabadili majina ya mitaa. Majengo ya Kisovieti hayakuvunjwa kwa chuki, ila yalikaa kama jamaa asiyetajwa mezani. Mengi yalibandikwa mabati mepesi ya alumini na vioo vya rangi ya buluu ili yaonekane mapya. Kwa jicho langu uharibifu huo ni mbaya kuliko kubomoa, kwa sababu haupigiwi kelele. Jengo lipo, sura imezikwa.

Kisa cha Jumba la Urafiki wa Mataifa kinaonesha namna kumbukumbu inavyovutwa huku na kule. Ni ukumbi mkubwa wa mwaka 1981, kazi nyingine ya Rozanov, wenye viti zaidi ya 4,000. Mbele yake iliwekwa sanamu ya familia ya Shomahmudov, mhunzi wa Tashkent na mkewe waliochukua watoto 15 yatima wa vita vya pili vya dunia, wa makabila mbalimbali, wakawalea kama wao. Mwaka 2008 sanamu iliondolewa ikapelekwa pembezoni mwa mji, na jumba likapewa jina jipya, Istiqlol, yaani uhuru. Mwaka 2018, chini ya Rais Shavkat Mirziyoyev, jina la urafiki lilirudi na sanamu ikarudishwa uwanjani. Wakazi walifurahi. Mhunzi yule hakuwa wa Moscow, alikuwa jirani yao.

Mwaka huo huo wa 2018 iliondolewa marufuku ya kupiga picha ndani ya metro ya Tashkent, iliyofunguliwa mwaka 1977, ya kwanza Asia ya Kati. Kwa miongo minne stesheni zake za marumaru na vigae, pamoja na ile ya Kosmonavtlar yenye picha za Gagarin, Tereshkova na mnajimu Ulugh Beg, zilionekana na abiria tu. Dunia ikaanza kuziona kwenye simu. Na mwaka huo huo Dom Kino likaenda chini.

Nayaweka matukio haya pamoja kwa makusudi. Nchi ilikuwa inafunguka. Kufunguka kuliruhusu picha, watalii, mijadala na magazeti kusema. Kulileta pia wawekezaji wenye haraka. Mlango ulikuwa mmoja.

Walioamka

Ubomoaji wa Tashkent City ulianguka pia juu ya mahalla zilizokuwa zimesalia katikati ya mji, na familia zikahamishwa. Hapo likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Watetezi wa nyumba za udongo na watetezi wa zege, ambao kwa historia walipaswa kuwa mahasimu, walijikuta upande mmoja. Katika kundi la Facebook liitwalo Tashkent-SNOS, maana yake Tashkent-ubomoaji, watu waliweka picha za ua wa nyumba ya bibi yao na picha za ukuta wa vigae wa ghorofa lao, wakiuliza swali moja: nani ameamua, na kwa karatasi ipi? Mtu aliyevunjiwa nyumba ya familia yake mwaka 1966 na mjukuu wake anayevunjiwa ghorofa leo wanaijua sauti ya tingatinga lile lile.

Mwaka 2021 Mfuko wa Maendeleo ya Sanaa na Utamaduni wa Uzbekistani, unaoongozwa na Gayane Umerova, ulianzisha mradi wa utafiti wa usasa wa Tashkent, yaani mtindo wa usanifu wa kisasa wa karne ya 20. Waliitwa wataalamu wa Politecnico di Milano, ofisi ya usanifu ya Grace ya Milano inayoongozwa na Ekaterina Golovatyuk na Giacomo Cantoni, na mwanahistoria wa usanifu Boris Chukhovich, mtu aliyetoka Tashkent mwenyewe. Mfuko ni wa serikali, na serikali ndiyo iliyoruhusu Dom Kino livunjwe. Hilo lizingatiwe. Lakini kazi iliyofanyika ni kazi halisi.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unachukua jengo moja. Unatafuta michoro yake ya awali katika makabati ya taasisi za zamani za usanifu, na mara nyingi nusu imepotea. Unalipima upya, chumba kwa chumba. Unachimbua maisha yake: nani alilibuni, nani aliagiza, ni kiwanda gani kilitoa marumaru. Unakagua zege limepasuka wapi na nondo zimeanza kutu wapi. Kisha unaandika kipi ndicho roho ya jengo kisichoguswa, na kipi kinaweza kubadilishwa bila hasara. Hapo ndipo hekima ilipo. Mwenye jengo akiambiwa usiguse chochote atasubiri usiku. Akiambiwa wavu huu usiguswe, ukumbi huu ubaki na urefu wake, lakini vyoo, nyaya na vioo vibadilishwe, atakuwa na la kufanya.

Majengo zaidi ya 20 yalifanyiwa kazi hiyo. Oktoba 2023 ukafanyika mkutano wa kimataifa Tashkent, na baadhi ya majengo yakaingizwa katika orodha ya urithi wa taifa. Mwaka 2025 banda la Uzbekistani katika maonesho ya usanifu ya Venice lilihusu kituo cha Jua kilichoko Parkent, nje ya Tashkent. Ni tanuri la miale la mwaka 1987 lenye vioo 62 vinavyoligeukia jua na kulielekeza kwenye bakuli kubwa la vioo, hadi joto lifike nyuzi 3,000. Kituo bado kinafanya utafiti. Jengo la sayansi linalofanya kazi yake ndilo lililosimamishwa mbele ya dunia kuwa urithi, na uamuzi huo naupongeza.

Miji mingine, ugomvi mwingine

Kaunas, Lithuania, iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO Septemba 2023 kwa usasa wake. Lakini majengo ya Kaunas ni ya mwaka 1919 hadi 1939, wakati mji ulikuwa mji mkuu wa muda wa Lithuania huru, Vilnius ikiwa mikononi mwa Poland. Ni majengo ya taifa lililojijenga kabla ya Wasovieti kuingia. Mlithuania kuyapenda ni rahisi. Kanisa la Ufufuko la mji huo liligeuzwa kiwanda cha redio wakati wa Wasovieti, na kulirudisha kuwa kanisa lilikuwa tendo la taifa zima. Kwa Tashkent hakuna wepesi huo. Anayeipenda Zhemchug lazima aeleze kwanza kwamba hapendi utawala uliolipia saruji.

Tbilisi, Georgia, ilipata njia ya tatu. Wizara ya Barabara ya mwaka 1975, yale masanduku ya zege yaliyopangwa kama magogo juu ya mteremko, ambayo George Chakhava aliyabuni akiwa mwenyewe kiongozi katika wizara hiyo, iliwekwa chini ya ulinzi wa taifa mwaka 2007. Benki ya Georgia ikalichukua na kulikarabati likawa makao yake makuu. Zege liliokolewa na mwenye fedha aliyeona fahari kulimiliki. Ni njia nzuri kwa jengo moja maarufu. Haiwezi kuwa njia ya mtaa wa majengo 300 ya ghorofa.

Pale orodha inapokomea

Na hapo ndipo kesi ya Tashkent bado iko wazi. Orodha imewafikia wakubwa: makumbusho, hoteli, kumbi, soko. Lakini usasa wa Tashkent haukuwa wa majumba makubwa peke yake. Uliwapa watu 300,000 waliolala kwenye mahema mahali pa kuishi. Ghorofa za vipande, nyua zake, miti iliyopandwa na wakazi wa kwanza katikati ya majengo, kuta za ndugu Zharsky, hivyo ndivyo vinavyomhusu mtu wa kawaida, na ndivyo vinavyokosa ulinzi kwanza. Mwenye kiwanja akitaka kujenga mnara mpya hauondoi mchoro wa vigae kwa makusudi. Anajenga mbele yake, na ukuta unapotea kivulini. Au anayekarabati anauvika mabati kwa nia njema kabisa, ili nyumba ipate joto wakati wa baridi.

Kumlaumu mkazi hakufai. Nyumba hizi ni baridi Januari na moto Julai. Kuta zake ni nyembamba, viungo kati ya vipande vya zege vinapitisha maji, mabomba yamechoka. Anayetaka watu wazitunze kuta zao awape njia ya kuzikinga kutoka ndani, awape mafundi wanaojua kuziba viungo bila kuziba picha, na awalipe tofauti ya gharama. Bila hivyo ulinzi ni faini tu kwa maskini aliyebahatika kukaa nyuma ya kazi ya sanaa. Wataalamu walioandika majengo makubwa wanao uwezo wa kuandika na haya, kwa karatasi fupi zaidi: picha ya kila ukuta, mahali ulipo, hali yake, na maelekezo ya ukurasa mmoja kwa kamati ya wakazi. Kazi ya wanafunzi wa usanifu kwa likizo mbili tatu.

Tamasha la filamu la Tashkent lilifufuliwa mwaka 2021, na wageni wa Afrika wamealikwa tena. Nyumba ya Sinema haipo kuwapokea. Wakati huohuo, katika ghorofa za vipande, kila Julai fundi wa viyoyozi hupanda ngazi na kutoboa tundu la bomba katikati ya ua la pamba lililopangwa kwa vigae miaka 50 iliyopita. Hana ubaya wowote. Ametafuta mahali palipo karibu na chumba cha kulala, na ukutani hapajabandikwa chochote cha kumwambia atoboe pembeni.